Taa ya Saratani na Siki ya Muuguzi

Daktari anayepasua uvimbe wa saratani ana tatizo moja kubwa. Uvimbe mkubwa anauona na kuupapasa kwa vidole. Lakini vivimbe vidogo kuliko punje ya mtama hufanana na nyama nzima. Akiviacha, ugonjwa unarudi.

Wataalamu wamepata njia ya kuvifanya vijionyeshe vyenyewe. Mwilini mna vimeng'enya, na baadhi yake hufanya kazi kama mkasi. Seli za saratani za aina kadhaa huwa na mikasi hiyo kupita kiasi. Mwaka 2011 Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Hisataka Kobayashi aliyeko Marekani, na wenzao walieleza rangi isiyowaka mpaka ikatwe na kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi GGT. Ni kama taa iliyofunikwa chungu, na anayekifunua ni saratani mwenyewe. Waliponyunyizia panya wenye saratani tumboni, katika dakika chache hata vivimbe vya chini ya milimita moja viling'aa kijani. Aprili 2024 Marekani iliruhusu dawa inayofanya kazi kwa njia hiyo, Lumisight, itumike katika upasuaji wa saratani ya matiti.

Msikilizaji wa Mikocheni au Mbagala atauliza: sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwani nasi tunayo njia yetu ya kuifichua saratani. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Kwa makisio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliugua na zaidi ya 6,000 walifariki. Kuitafuta, muuguzi hupaka siki iliyopimwa, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye shingo ya kizazi, kisha husubiri kama dakika moja. Penye seli zilizoanza kuharibika hugeuka peupe, pakaonekana kwa macho matupu. Doa hilo huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa, mara nyingi siku hiyohiyo, kabla halijawa saratani. Kazi hiyo ni ya muuguzi; mtu asijaribu nyumbani kwa siki ya kachumbari.

Taa ya Tokyo humfaa aliyekwisha kulazwa. Siki humfaa mama anayekwenda sokoni bila maumivu yoyote. Na hapo ndipo penye shida: doa haliumi, basi mtu hungoja mpaka aone damu. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa umekwisha komaa.

Mama mwenye miaka 30 hadi 50 asingoje kuumwa, aende akapimwe. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Nawe baba, mkeo akiomba nauli ya kwenda kupimwa, mpe bila maswali ya kumshuku. Wahenga walikwisha sema: mficha maradhi, kifo humuumbua.