MWAROBAINI: TIBA AU SUMU?

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, nami siwapingi hata kidogo. Lakini wahenga hao hao ndio waliotuambia kwamba kuuliza si ujinga. Leo nataka tuulizane kuhusu mti ambao karibu kila boma hapa kwetu linao, yaani mwarobaini.

Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, asili yake ni Bara Hindi. Jina hili limetokana na neno arobaini, kwa kuwa watu huamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Majani huchemshwa yakanywewa kwa ajili ya homa, maji yake huogewa kwa upele, vijiti vyake hutumiwa kama mswaki, na mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mti huu una nguvu kweli. Kemikali zilizo katika mbegu zake hutumiwa na wakulima kuzuia wadudu waharibifu. Sasa jiulize, ndugu msomaji, kitu chenye nguvu ya kuangamiza wadudu shambani kitaingia tumboni mwa mtoto bila kipimo na kisimdhuru?

Mimi nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka jana mdogo wangu wa miaka minne alishikwa na homa. Nyanya akanituma nichume majani, nikachuma. Akayachemsha mpaka maji yakawa meusi, akamnywesha mtoto nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Mtoto akawa anatapika, tukaambiwa eti ni homa inatoka. Wakati huo tulikuwa tumeshafundishwa malaria katika somo la Bayolojia, na moyoni nilijua anafaa kupimwa damu. Lakini mimi ni nani nimkosoe nyanya? Nikanyamaza. Usiku wa tatu akashikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitalini kwa bodaboda, baba akiwa amemkumbatia. Daktari alipouliza amekunywa dawa gani, sote tulitazamana, hakuna aliyesema, maana tuliona haya. Aliuliza mara tatu ndipo nikasema. Alipimwa akakutwa na malaria kali. Namshukuru Mungu alipona, lakini alilazwa siku sita.

Kutokana na yaliyotupata, nimeuliza walimu na kusoma, na haya ndiyo ninayotaka tuzingatie.

Kwanza, hakikisha ni mti wenyewe. Kuna mti unaofanana nao sana uitwao mwarobaini nusu. Huu maua yake ni ya zambarau, na matunda yake ya manjano hubaki mtini hata majani yakipukutika. Matunda hayo ni sumu. Mwarobaini wenyewe maua yake ni meupe, na vijani vyake vyenye meno kama msumeno vimejipanga pande mbili za kijiti kimoja tu. Kama huna hakika, usichume.

Pili, jihadhari na kipimo. Dawa ya hospitali imeandikwa miligramu na idadi ya siku. Majani hayana maandishi. Konzi ya nyanya si konzi ya mama, na majani yaliyochemshwa dakika tano si sawa na yaliyochemshwa saa nzima. Kwa hivyo huwezi kusema “nilikunywa kiasi kile kile cha juzi.”

Tatu, mtoto mdogo asinyweshwe mafuta ya mwarobaini kamwe. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kama dawa. Walitapika, wakasinzia, wakashikwa na degedege, na kukawa na vifo. Chupa ya mafuta hayo iwekwe mbali na watoto, tena isiwe chupa ya soda, kwani mtoto akiiona atadhani ni soda.

Nne, mama mjamzito asinywe dawa hii, kwani wataalamu huonya kwamba inaweza kuharibu mimba. Mwenye ugonjwa wa sukari naye awe mwangalifu. Mwarobaini unaweza kushusha sukari mwilini, na akiuchanganya na dawa zake sukari inaweza kushuka kupita kiasi, aanguke.

Tano, na hili ndilo kubwa, usiutumie kuchelewesha matibabu. Malaria kwa mtoto haingoji. Shirika la Afya Duniani hushauri mgonjwa apimwe na atibiwe kabla ya saa 24 kupita tangu dalili zianze. Siku mbili tulizompa mwarobaini, vijidudu vilikuwa vinazaana katika damu yake.

Sita, ukiulizwa na daktari, sema kweli. Mficha uchi hazai. Daktari hakuulizi ili akucheke, anataka kujua dawa ipi atakayokupa isigongane na ile uliyokwisha kunywa.

Je, nasema tuikate miarobaini? La hasha! Kivuli chake tunakipenda, moshi wa majani yake husaidia kufukuza mbu, na nyanya bado huogea maji yake. Tulipotoka hospitalini niliogopa kwamba atanikasirikia kwa kusema mbele ya daktari. Badala yake aliniita jikoni akaniambia, “Mjukuu wangu, kama ulijua, mbona hukuniambia?” Sikuwa na jibu. Siku hizi mtoto akipata joto, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, “Mmeshampima?”

Hivyo basi, wanafunzi wenzangu, tuliyoyasoma darasani tusiyaache darasani. Tuwaambie wazee wetu kwa adabu, lakini tuwaambie. Heshima si kunyamaza. Kinga ni bora kuliko tiba, na majuto ni mjukuu.