Je, Wajua? Shule ya Wakimbizi na Wenyeji

Je, wajua kwamba huko Georgia, Marekani, kuna shule ndogo ya msingi iliyoanzishwa ili watoto wa wakimbizi na wa wenyeji wasome pamoja? Ni International Community School, iliyofunguliwa mwaka 2002 karibu na mji wa Clarkston, unaosifika kwa kupokea wakimbizi. Inafundisha chekechea hadi darasa la tano. Watoto kutoka Kongo, Burundi, Myanmar na Bhutan wamekalia madawati yake bega kwa bega na wazaliwa wa hapo.

Hii ni shule ya mkataba: ya umma, haitozi ada, lakini ina uhuru wa kujiendesha. Sheria ya kwanza ya shule za aina hii ilipitishwa Minnesota mwaka 1991. Waombaji wakizidi nafasi, droo huamua, na mara nyingi ndugu wa wanafunzi waliomo hupewa kipaumbele.

Fedha za serikali hutegemea idadi ya wanafunzi. Kwa shule ndogo, familia chache zikihama, bajeti hutikisika. Ndiyo maana kila mtoto anayeandikishwa ana uzito mkubwa.