Gavana ya propela ikigoma angani

Wadau, mshawahi kusikia bodaboda ikipita Zinga mbio huku dereva kasahau gia namba moja? Injini inalia kinoma. Ndivyo zinavyolia ndege nyingi za kujiundia nyumbani, kama zile RV za Marekani zenye injini ya Lycoming, gavana ikikosa presha ya oili.

Kazi ya gavana ni kusukuma oili kwenye kitovu cha propela, mapanga yajigeuze na mizunguko isiyumbe. Presha ikipotea, mapanga yanalala kwenye gia nyepesi na mizunguko inaweza kupita 2,700 kwa dakika, kikomo cha injini nyingi za aina hiyo. Rubani apunguze mafuta na spidi chapchap. Kama oili inamwagika nje, atafute pa kutua, maana injini nayo itakufa.

Ndo maana kabla ya kuruka anavuta kile kishikio cha bluu aone mizunguko ikishuka, halafu irudi. Isiposhuka haruki mtu, kapandeni daladala.