Nembo ya VX haitoshi: Namna ya kutambua daraja halisi la Land Cruiser ya mtumba

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MNUNUZI wa Land Cruiser ya mtumba anaweza kulipa bei ya VX akaondoka na GX, au akalipia V8 akajikuta na injini ya silinda sita, kwa sababu tu ya herufi mbili zilizobandikwa kwenye mlango wa nyuma.

Nembo hizo hung'olewa na kubandikwa kwa muda mfupi, nazo huuzwa madukani kama spea nyingine yoyote. Kisichobadilika kirahisi ni maandishi yaliyoachwa na kiwanda kwenye mwili wa gari, ambayo wanunuzi wengi hawajui kuyasoma.

Kwa wakazi wa mikoa ya magharibi, suala hili si la fahari pekee. Gari linalonunuliwa Tabora hutarajiwa kufika Sikonge, Urambo, Kaliua, Uvinza na hata Kigoma, na kuacha barabara kuu na kuingia katika njia za mchanga za misitu ya miombo inakotoka tumbaku na asali. Aliyekosea injini hugundua kosa lake akiwa porini, mbali na fundi na mbali zaidi na duka la spea.

Ujuzi wa kutambua daraja la bidhaa si mgeni katika njia hii. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe kwenda Ujiji ilibeba shanga na vitambaa vya aina nyingi, na mpelelezi Richard Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika kwa kirefu jinsi shanga iliyopendwa mahali pamoja ilivyokataliwa kwingine. Kitambaa cha merikani, kilichofumwa katika viwanda vya Marekani, kilipata waigaji Uingereza na India, lakini wenyeji walijua kukitofautisha.

Marekani kwenyewe, wapenzi wa magari ya kale yenye kasi hukabiliwa na tatizo la namna hiyo. Pontiac GTO ya mwaka 1964 na 1965 haikuwa gari la peke yake, bali kifurushi cha nyongeza kwenye gari la LeMans, kwa hiyo namba ya chesisi haikuitaja GTO. Ni kuanzia mwaka 1966 ndipo namba zake zilipoanza na 242. Hadi leo, anayetaka GTO ya miaka ile miwili hana budi kudai nyaraka za kiwanda, kwa kuwa LeMans ya kawaida huvishwa nembo na kuuzwa kwa bei ya juu.

Mnunuzi wa Land Cruiser ana nafuu kuliko huyo, kwani kiwanda kimemwandikia jibu ndani ya gari.

Kibati ndicho kinachosema

Ukifungua boneti ya Land Cruiser nyingi za zamani, utakuta kibati cha chuma kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Kwenye mstari wenye neno MODEL kuna msimbo unaoanza kwa herufi tatu na tarakimu mbili au tatu, kwa mfano HZJ79, HDJ100 au VDJ200.

Herufi mbili za kwanza hutokana na jina la injini. HZ ni injini ya 1HZ, HD ni familia ya 1HD, FZ ni 1FZ, UZ ni 2UZ, VD ni 1VD na GR ni 1GR. Herufi J ndiyo inayolitambulisha gari kuwa Land Cruiser, na tarakimu zinazofuata hutaja umbo lake.

Katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa masoko ya nje ya Japani, baada ya tarakimu hizo hufuata L kwa usukani wa kushoto au R kwa usukani wa kulia. Gari lenye usukani wa kulia lakini kibati chake kina L limebadilishwa usukani baada ya kutoka kiwandani, na kazi hiyo inahitaji kukaguliwa kwa makini.

Herufi zinazofuata zinahusu giaboksi na daraja la gari. Hizo hutofautiana kwa mfano na kwa soko, hivyo zipelekwe kwa muuza spea mwenye katalogi ya Toyota.

GX na VX

Land Cruiser ya 100, iliyotoka mwaka 1998, ndiyo inayochanganya watu zaidi. Kwa nje GX na VX hufanana sana, lakini chini yake yanaweza kuwa magari mawili tofauti.

Katika masoko mengi ya Afrika, GX ya dizeli aghalabu ni HZJ105. Hii ina injini ya 1HZ isiyo na turbo na ekseli nzima ya mbele inayounganisha gurudumu moja na la pili. VX ya dizeli ni HDJ100 au HDJ101, yenye injini ya 1HD-FTE ya turbo na magurudumu ya mbele ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake. Ile ya petroli ya UZJ100 ina injini ya V8 ya lita 4.7.

Hapa upo mtego mmoja. Injini za 1HZ na 1HD-FTE zote zina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Kwa sababu hiyo, kadi ya gari inayotaja ujazo huo haithibitishi kuwa unanunua VX. Tofauti ya nguvu, hata hivyo, ni kubwa: 1HZ hutoa nguvu farasi takriban 130, ilhali 1HD-FTE hukaribia 200.

Kuona turbo pekee nako hakutoshi, kwani 1HZ huweza kufungwa turbo ya dukani. Soma namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, uilinganishe na kibati na kadi.

Ikumbukwe kuwa daraja la juu si lazima liwe bora kwa kila mtu. Injini ya 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990, haitegemei mfumo wa umeme kupeleka mafuta, na mafundi wengi wa mikoani wanaifahamu. Kwa anayebeba mzigo porini, HZJ105 yenye viti vya kitambaa inaweza kuwa chaguo la busara kuliko VX. Kosa ni kuinunua kwa bei ya VX.

V8 isiyo na V8

Jina la V8 limezoeleka kutumika kwa kila Land Cruiser kubwa, zile ambazo wananchi waliziita mashangingi. Mazoea hayo yanaweza kumgharimu mnunuzi.

Land Cruiser ya 200, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2021, ilikuwa na V8 ya dizeli ya lita 4.5 kwenye VDJ200, na V8 za petroli kwenye UZJ200 na URJ. Lakini katika nchi za Ghuba iliuzwa pia GRJ200, yenye injini ya V6 ya petroli ya lita 4.0. Gari kama hilo likifika kutoka Dubai likiwa na nembo ya V8, ni msimbo wa GRJ utakaofichua ukweli.

Aidha, Land Cruiser ya 300, iliyozinduliwa mwaka 2021, haina V8 kabisa. Injini zake ni za V6.

Sura ya mbele nayo si kithibitisho cha umri. Taa, boneti na bampa za toleo la 200 lililofanyiwa marekebisho mwaka 2015 hufungwa kwenye magari ya miaka ya nyuma. Tazama lebo iliyoshonwa chini ya mikanda ya usalama, ambayo huwa na tarehe ya kutengenezwa.

Mkonga si daraja

Gari la kazi linalojulikana kama mkonga limepata jina kutokana na bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Bomba hilo ni kifaa kinachoweza kufungwa kwenye gari lolote la aina hiyo, wala halitaji injini wala mwaka.

Kutofautisha HZJ75 na HZJ79, hesabu nati za gurudumu. HZJ75 ina nati sita, na mbele ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa. HZJ79, iliyoanza mwaka 1999, ina nati tano, na mbele ina springi za koili. Zote zinaweza kuwa na injini ileile ya 1HZ, lakini spea nyingi za chini haziingiliani. Kama pikapu hiyo ina nembo ya V8, kibati chake hakina budi kusomeka VDJ79.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, mnunuzi asome kibati na kukipiga picha. Pili, asafishe fremu karibu na gurudumu la mbele la kulia, ambako mifano mingi imegongwa namba ya chesisi, na kuhakikisha inalingana na kibati na kadi.

Tatu, atazame mstari wa COLOR/TRIM kwenye kibati. Huo hutaja rangi na vitambaa vya ndani vya awali; viti vya ngozi kwenye gari lililotoka kiwandani na vitambaa vimewekwa baadaye.

Nne, asilinganishe herufi za nchi moja na za nyingine. GX ya Japani si lazima iwe sawa na GX ya Ghuba, ambako zipo pia GX-R na VX-R.

Muuzaji mkweli hatakataa boneti ifunguliwe. Akisisitiza kuwa nembo inatosha na kibati hakina haja ya kusomwa, ni afadhali mnunuzi abaki na fedha zake.