Kilio cha Mama wa Sisera

Kila Septemba inapokaribia, makanisa mengi ya mijini hutangaza kwamba Sikukuu ya Baragumu imewadia. Pembe iliyonunuliwa Yerusalemu hupandishwa madhabahuni, kipaza sauti husogezwa, na mhubiri huipuliza kuwaelekea maadui: adui wa biashara, adui wa ndoa, jirani anayeshukiwa uchawi. Waumini huambiwa kwamba ngome zimebomoka kama kuta za Yeriko, na kwamba hivi ndivyo Wayahudi wafanyavyo tangu enzi za Musa.

Sivyo wafanyavyo. Naandika kwa sababu neno hilo limerudiwa mno, hata watoto wetu wa kipaimara sasa wanalishika kama fundisho.

Sina ugomvi na Mkristo anayetaka kuijua mizizi ya imani yake. Yesu alizaliwa Myahudi, alipanda kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu, na huwezi kuielewa Injili ya Yohana ukiwa hujui Pasaka wala Vibanda. Linaloniuma ni kuona tunachukua ibada ya watu walio hai, wenye sinagogi zao na marabi wao, tunaipa maana wasiyoitambua, halafu tunawahubiria wenzetu kwa jina lao. Na si lazima mtu apande ndege kwenda kuwauliza. Nairobi wapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu alipoishika Torati mwaka 1919, na ambao chini ya Idi Amin walikatazwa kuabudu hadharani. Rabi wao anasema lugha za hapa hapa.

Torati yenyewe ina maneno machache sana juu ya siku hii. Walawi 23 inaagiza kwamba siku ya kwanza ya mwezi wa saba iwe ya kupumzika, ya kusanyiko takatifu, ya kumbukumbu kwa sauti ya baragumu. Haisemi kwa nini. Pasaka imeelezwa sababu yake, Vibanda vimeelezwa, lakini hii imeachwa hivyo hivyo, na Wayahudi wameitafakari kwa karne nyingi mpaka ikawa Rosh Hashana, mwanzo wa mwaka, siku ambayo kila nafsi hupita mbele ya Mungu kuhukumiwa. Hawaingii siku hiyo kwa ghafla. Mwezi mzima unaotangulia, wa Eluli, katika jumuiya nyingi baragumu hulia kila asubuhi isipokuwa Sabato, ili mtu aanze kujihoji mapema: nani nimemdhulumu, nani sijamwomba msamaha, deni gani sijalipa. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliuona mlio huo kuwa wa kuwaamsha waliolala usingizi wa roho. Anayetakiwa kuamka ni yule yule aliyekuja kusali. Adui hayumo.

Mapokeo yao yana sheria za pembe yenyewe, na nazipenda sana kwa jinsi zilivyojaa fikra. Mishna, mkusanyo wa sheria hizo za mapokeo uliofanywa yapata mwaka 200, inakataa pembe ya ng'ombe, na marabi wakaeleza kwamba haifai kumkumbusha Mungu habari ya ndama wa dhahabu siku ile unayomwomba rehema. Wengi hutumia ya kondoo dume, kwa ajili ya yule kondoo aliyenaswa kichakani akafa badala ya Isaka. Hupendelewa iliyopinda, kwa kuwa moyo wa mwenye kutubu nao umeinama. Pembe iliyopasuka ikagundishwa haifai. Wayahudi wa Yemen wana desturi ya pembe ndefu iliyojisokota, nayo ni ya tandala, mnyama wa porini kwetu. Ndiyo hiyo wahubiri wanayoipenda zaidi kwa urefu wake, wakidhani ni ya Daudi.

Lakini sheria iliyo kubwa kuliko zote ni hii: amri si kupuliza, amri ni kusikia. Kabla ya baragumu kulia, baraka inayosomwa humshukuru Mungu aliyeamuru kuisikia sauti yake. Anayepuliza ni mtumishi wa masikio ya wengine, na naye lazima ajisikie mwenyewe. Mishna inauliza habari ya mtu anayepita nyuma ya sinagogi sauti ikamfikia njiani. Akielekeza moyo wake, ametimiza wajibu. Asipouelekeza, hajatimiza, ingawa masikio yake na ya jirani yake yamepokea mlio ule ule. Inauliza pia habari ya anayepuliza ndani ya shimo: aliyesikia mwangwi tu, hakusikia kitu. Kutokana na hoja hiyo marabi wengi wa Kiorthodoksi wa leo wamefundisha kwamba baragumu lililosikika kwa redio au kipaza sauti halimtoshelezi mtu. Hebu liweke hilo mbele ya mikutano yetu ya viwanjani, yenye spika ndefu kuliko mtu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nitake kuandika.

Milio ya baragumu ni mitatu. Tekia ni mlio mmoja ulionyooka. Shevarimu ni milio mitatu iliyokatika, kama mtu anayeguna kwa maumivu. Terua ni milio tisa au zaidi, mifupi, ya haraka, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi ya kilio. Sinagogi nyingi hufikisha milio 100 siku hiyo. Hiyo miwili ya mwisho ilitokana na swali la wazee wa Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi: ile terua iliyotajwa katika Torati ni sauti gani hasa? Tafsiri ya kale ya Kiaramu ilishaifanya kuwa kilio. Wakatafuta katika Maandiko ni nani aliyelia namna hiyo, na wakampata katika Waamuzi 5: mama wa Sisera, amesimama dirishani, anachungulia kama gari la mwanawe linarudi. Halirudi. Sisera ameuawa hemani mwa mwanamke aitwaye Yaeli. Basi wakabishana, je, mama yule aliguna au alilia kwa kwikwi? Rabi Abahu wa Kaisaria akaamua vipulizwe vyote viwili, kisikosekane hata kimoja.

Sisera alikuwa nani? Alikuwa jemadari wa Wakanaani, mwenye magari 900 ya chuma, aliyewaonea Israeli miaka 20. Wimbo wa Debora unashangilia kifo chake bila haya. Na bado wana wa wale walioonewa, walipotaka kujua wamlilie Mungu kwa sauti gani siku ya hukumu, walijifunza sauti hiyo kwa mama wa adui yao. Iko hata desturi ya kueleza kwamba milio 100 inalingana na vilio vyake.

Nikisoma hapo huwa siwezi kuendelea upesi. Sisi tumeligeuza baragumu kuwa silaha ya kumpigia adui, na wenyewe wanalipuliza kwa kilio cha mama wa adui.

Wala si yeye peke yake. Tazama masomo ya Rosh Hashana, ambayo huadhimishwa kwa siku mbili. Siku ya kwanza husomwa habari za Hajiri aliyefukuzwa na mwanawe jangwani, maji ya kiriba yamekwisha, naye anaketi mbali asimwone mtoto akifa. Humfuata Hana, aliyesali kwa midomo tu hadi kuhani akamdhania amelewa. Siku ya pili husomwa Isaka aliyefungwa juu ya kuni, kisha Yeremia 31, ambamo Raheli analilia watoto wake. Na mapokeo yanaongeza kwamba Sara aliposikia habari ya Isaka alilia vilio vinavyofanana na milio ya baragumu, akafa. Wanawake watano, mmoja mtumwa kutoka Misri na mmoja mama wa jemadari wa maadui. Ibada nzima imejengwa juu ya machozi yao. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kusikia mahubiri ya Sikukuu ya Baragumu yaliyomtaja hata mmoja wao.

Sikukuu zinazofuata nitazipitia kwa ufupi, ingawa kila moja ina utajiri wake. Siku ya kumi ya mwezi huo wa saba huja Upatanisho, na mfungo wake wa takribani saa 25 hufungwa kwa mlio mmoja mrefu. Mlio huo una historia: Waingereza walipotawala Palestina walikataza baragumu kwenye Ukuta wa Magharibi, na mwaka 1930 kijana Moshe Segal akalipuliza pale mfungo ulipokwisha, akakamatwa na polisi. Halafu Vibanda, siku saba za kula chini ya paa la matawi linaloonyesha nyota. Katika sikukuu hiyo, siku yake ya mwisho, Yesu alisimama hekaluni akawaita wenye kiu. 

Wakristo wa kwanza walizifanyia nini sikukuu hizi? Pasaka na Pentekoste walizishika na kuzipa kiini kipya, na mwaka 325 Mtaguso wa Nikea ukataka Pasaka yetu isitegemee tena hesabu ya Wayahudi. Vibanda na Baragumu hazikupata nafasi katika kalenda ya makanisa makuu. Paulo aliwaandikia Wakolosai wasihukumiwe kwa ajili ya sikukuu wala mwandamo wa mwezi, kwamba hivyo ni kivuli cha mambo yajayo. Baragumu, hata hivyo, hakuliacha. Alilipeleka mwisho wa nyakati: parapanda italia na wafu watafufuliwa, ndivyo alivyowafundisha Wathesalonike na Wakorintho. Na pale pia, ukisoma vizuri, kazi ya parapanda ni kusikiwa, na wanaoisikia ni wafu.

Wapo waliolifanya fundisho hilo kuwa hesabu. Mwaka 1988 Mmarekani Edgar Whisenant alisambaza kijitabu kilichotangaza kwamba Kristo angelinyakua kanisa katika Rosh Hashana ya mwaka ule. Ilipita kama nyingine zote. Bado tunaletewa hesabu za namna hiyo kila Septemba, tarehe tu ndizo zinabadilika.

Wapo pia waliolielewa baragumu. Walawi 25 inaagiza baragumu lipulizwe mwaka wa 50, uitwao Yubile, Siku ya Upatanisho, na watumwa warudi kwao, na ardhi irudi kwa wenyewe. Makanisa yalipoichukua Yubile hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kudai nchi maskini zisamehewe madeni, yalikuwa karibu sana na Torati. Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa Novemba 2001, wakati ule ule ada ya shule za msingi ilipofutwa. Kwangu mimi hiyo ni ibada ya baragumu kuliko pembe zote zilizopulizwa kwenye majukwaa yetu.

Na tena tunayo desturi yetu wenyewe, tusiyoithamini. Kanisa la Moravian lilianza upya Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Pasaka ya 1732 vijana walipanda alfajiri hadi makaburini, kilima cha Hutberg, wakaimba mpaka jua likachomoza. Desturi ile ikapata matarumbeta na kuenea kila mahali Wamoravian walikokwenda. Kule Bethlehem, Pennsylvania, mtu alipofariki matromboni yalipuliza tenzi tatu kutoka mahali pa juu: wa kwanza kutangaza kwamba kuna aliyekufa, wa pili kueleza alikuwa wa kundi gani, mzee, mama, kijana au mtoto, na wa tatu kurudia ule wa kwanza. Mji mzima ulisimama kusikiliza. Mwaka 1891 wamisionari wao walifika Rungwe, na Walutheri nao wakaja na vikundi vyao vya tarumbeta Kilimanjaro, Usambara na Bukoba.

Wageni wakiyasikia matarumbeta yetu husema ni mabaki ya Wajerumani, na baadhi ya vijana wetu wamekubali, wanaona aibu. Nakataa. Anayesimama makaburini gizani siku ya Pasaka, midomo imekauka kwa baridi ya Rungwe, akipuliza juu ya kaburi la bibi yake, yuko karibu na Paulo na karibu na sinagogi kuliko yeyote anayeelekeza pembe kwa jirani. Halengi mtu. Anawaita walio hai wasikie yale watakayoyasikia wafu. Katika makaburi ya Kimoravian ya kale mawe yote hulazwa chini, sawasawa, tajiri na maskini, nao wimbo hupulizwa juu ya wote.

Leo sharika nyingi zimenunua kinanda cha umeme, na matarumbeta yamebaki kwenye harusi, nyuma ya gari dogo. Harusini yapigwe, sina neno. Lakini nimeona usharika uliofungia yake stoo hadi yakaota kutu, kisha ukachanga fedha kuagiza pembe kutoka ng'ambo.

Wachungaji, wazee wa kanisa, msiitumie tena ibada ya Wayahudi kuwatishia watu majirani zao. Mkitaka kuihubiri Sikukuu ya Baragumu, someni Waamuzi 5 na Yeremia 31 mbele ya akina mama waliofiwa, mkae kimya wakilia. Yale matarumbeta yatoeni stoo, myatengeneze, mwape vijana kabla hawajaisha wazee wanaoweza kuwafundisha.