Namawala iliyomo ndani ya kompyuta

Ukishuka basi Kibaoni, Ifakara, jioni ya msimu wa mavuno, macho hayana shaka na kitu. Magunia ya mpunga yamepangwa kando ya barabara, bodaboda wanagombea abiria wa kuingia mjini, na kwenye banda la chipsi mafuta yameshachemka. Mwambie mmoja wa madereva wale kwamba huenda yote haya ni hesabu tu zinazopigwa ndani ya kompyuta ya watu tusiowajua. Atakuuliza kama umekula.

Hata hivyo wazo hilo halikutoka kilabuni. Mwaka 2003 Nick Bostrom, mwanafalsafa Msweden aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha hoja ambayo hadi leo hajapatikana wa kuizika. Alisema moja kati ya mambo matatu lazima liwe kweli. Ama viumbe wenye akili kama sisi huangamia kabla ya kupata kompyuta zenye uwezo wa kuunda watu wenye fahamu. Ama wakizipata hawana haja ya kuiga maisha ya wahenga wao. Ama wanayaiga, na hapo watu wa kuigwa watakuwa wengi mno kuliko watu halisi, hata mimi nawe karibu hakika tumo miongoni mwao. Elon Musk naye mwaka 2016 alidai kwamba uwezekano wa sisi kuishi katika dunia halisi ni mmoja katika mabilioni. Musk husema mengi.

Mazungumzo haya huachiwa Oxford na California, wakati bonde la Kilombero, ulipo mji huu wa Ifakara, lina la kusema kuliko wengi. Hapa dunia za kuigwa zimejengwa kwa miaka, na wakazi wake wa kwanza ni mbu.

Katika kijiji cha Kining'ina, nje kidogo ya mji wa Ifakara, Taasisi ya Afya Ifakara imejenga mabanda makubwa ya wavu. Ndani mna nyumba za kijijini, mimea, madimbwi ya mazalia, hata zizi la ng'ombe. Mbu aina ya Anopheles arabiensis huanguliwa humo, hupandana, hunyonya damu, hutaga na kufa humo humo, kizazi baada ya kizazi. Huko nje ya wavu hawakujui. Waliowajengea huingia na kutoka mlangoni na madaftari yao.

Watafiti hawakuishia kwenye nyumba na madimbwi, wakamwiga na mtu mwenyewe. Fredros Okumu na wenzake walichanganya amonia, asidi ya laktiki na asidi nyingine za jasho la binadamu, wakaongeza kaboni dayoksaidi kama ile tunayoitoa tukipumua, kisha wakaipeleka harufu hiyo kwenye vibanda vya majaribio Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero. Matokeo yao ya mwaka 2010 yanashangaza: kibanda chenye harufu ya bandia kilivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya kibanda alicholala mtu. Lakini harufu na mtu walipowekwa chumba kimoja, ushindi ule ukayeyuka. Mtu alivuta mbu sawa na harufu, au zaidi. Kwa mbali mbu anadanganyika. Akisogea karibu anakuta kitu ambacho kwenye ule mchanganyiko hakimo, yaelekea joto la mwili na unyevu wake.

Hapo ndipo shaka yangu juu ya hoja ya Bostrom inapoanza, maana anayeiga huiga kile anachokihitaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walitega mbu mwezi baada ya mwezi katika kijiji cha Namawala, bondeni humu humu, wakakadiria kwamba mkazi mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Baadaye Tom Smith na wenzake wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Uswisi, ambayo ndiyo chimbuko la kituo cha Ifakara, waliunda programu iitwayo OpenMalaria, wakatumia humo mwendo wa msimu uliopimwa Namawala. Watu wa programu hiyo huzaliwa, huumwa na mbu, hupandisha homa, hujenga kinga, na wengine hufa. Kwa miaka kadhaa watu wa kujitolea duniani kote waliazimisha kompyuta zao za nyumbani zifanye hesabu hizo. Programu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumika kukadiria faida ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto wa nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, kabla Shirika la Afya Duniani, Oktoba 2021, halijapendekeza itumike.

Namawala ya kompyuta haina mpunga, wala ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mkazi wake ana umri, vimelea na kinga, jina hana. Sasa aliyetuiga sisi alihangaika ya nini kutia harufu ya chipsi Kibaoni? Bostrom analo jibu: si lazima kila kitu kiwepo muda wote, kinatiwa pale tu mtu anapotazama. Jibu la werevu, na linaudhi, kwa sababu halikuachii hata upenyo wa kulipima.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye fahamu. Hoja nzima imesimama juu ya dhana kwamba hesabu zikipigwa za kutosha, fahamu itazuka. Bostrom mwenyewe anakiri kuwa ni dhana. Mtoto wa OpenMalaria akipandisha homa, namba ndiyo inayopanda, hakuna anayetetemeka. Zidisha nguvu ya kompyuta mara milioni, bado utadaiwa kuonyesha ni nani anayetetemeka. Mbu wa Kining'ina ni tofauti: wavu ni wa kutengenezwa, lakini mbu ni mbu, na akifa amekufa.

Basi mpaka atokee wa kuonyesha hesabu iliyowahi kuhisi baridi ya malaria, Bostrom hana ruhusa ya kuwahesabu watu wa kuigwa pamoja nasi, na wakitolewa hao, lile jambo lake la tatu halisimami.