KUKAA BILA NYAMA: MWILI UNAHITAJI NINI?



Mara nyingi mgao ni unga, maharage, mafuta na chumvi, nyama haimo. Wengine huuza maharage yote ili wanunue nyama ya siku moja. Usifanye hivyo. Mtu mzima mwenye afya akikaa miezi michache bila nyama hadhuriki, mradi ale maharage kila siku. Ugali na maharage vikiliwa pamoja hujenga mwili kama nyama.

Hamu ya nyama ni jambo la kawaida, hasa sikukuu inapokaribia. Hamu hiyo si ugonjwa.

Jambo la kuangalia ni damu. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Kwa hiyo:

1. Kula maharage na mboga pamoja na limau, embe au pera.
2. Chai inywe saa moja baada ya chakula, kwa sababu huzuia chuma.
3. Dagaa wakipatikana, hata kidogo, wape kwanza mama mjamzito na watoto wadogo.
4. Mama mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

Damu ikipungua, mtu huchoka, husikia kizunguzungu na hukasirika upesi; mtoto hachezi. Majirani husema ni uvivu au mawazo mengi. Huenda ni upungufu wa damu. Malaria na minyoo pia huuleta. Ukiona viganja vimekuwa vyeupe, nenda zahanati siku hiyohiyo.